Povu la Bwana Mifugo

Kwa miaka kadhaa shavu langu la kushoto lilikuwa mali ya Bwana Mifugo. La kulia aliniachia mwenyewe. Kila alipopika sabuni mpya ya kunyolea aliniita Jumapili asubuhi kabla ya misa, akanikalisha kwenye kigoda nyuma ya nyumba yake pale Runzewe, akanipaka povu la sabuni yake upande wa kushoto, na upande wa kulia akanipaka povu la sabuni ya mche ya dukani. Kisha alininyoa pande zote mbili kwa wembe uleule, akarudi nyuma kidogo, akakunja mikono kifuani na kunitazama vile alivyozoea kumtazama ng'ombe aliyetoka kuchanjwa. Nilikwenda kanisani na mashavu mawili yasiyofanana, na wanakwaya walinicheka waziwazi.

Jina analo, na nadhani wazee wa mjini wanalijua, lakini sijawahi kumsikia mtu akilitumia. Alipostaafu alikuja kijana ofisini, kijana akahamishwa, akaja mwingine, na hao wote watu waliwaita "yule wa ofisini". Bwana Mifugo alibaki kuwa yeye. Hata mimi, ambaye sijawahi kumiliki zaidi ya kuku, sikuwahi kumwita kitu kingine. Yeye naye aliniita Fundi, kwa sababu kazi yangu ni kuchomelea vyuma, na tukaishi hivyo bila majina wala shida.

Ukimpelekea ng'ombe, humsalimu ng'ombe kwanza. Kwa ng'ombe huongea Kisukuma, taratibu, akiwa amemshika sikio. "Mwangaluka," humwambia mtamba, na husubiri kidogo kana kwamba ataitikiwa. Halafu humgeukia mwenye mali na kumwuliza kwa Kiswahili cha ofisini, "Mnyama huyu ameletwa kwa tatizo gani?" Watu wa vijijini walikuwa wakinyooka mgongo wanapojibu. Mimi nilicheka mara ya kwanza, akaniambia kwamba ng'ombe ndiye mgonjwa, huyu mwingine kazi yake ni kushika kamba tu.

Kiangazi na masika alivaa gambuti. Nyuki aliwaogopa kiasi cha kujifungia ndani, lakini asali hakuikosa nyumbani, na kila sabuni aliitia asali. Wafugaji walimwona mkali kupindukia, mtu wa kurudisha kundi zima nyumbani kwa sababu ya ndama mmoja aliyekwepa josho la dawa ya kupe. Mtu huyohuyo alipika sabuni bila kupima chochote. Alimimina kwa kiganja, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema, akaongeza. Ikitoka nzuri hakuweza kuirudia. Nilimwambia hivyo siku moja, akasema hata mvua hairudii.

Lazima niseme sasa kwa nini alikuwa anapika, maana bila hilo utamwona ni mstaafu mwenye mchezo wa kupitisha muda. Wengi walimwona hivyo.

Mkewe, Mama Kulwa, alishikwa na ugonjwa wa kusahau. Ulianza na chungu kilichoachwa motoni, ukaendelea na njia ya sokoni, halafu na majina ya mapacha wake ambao wako Mwanza na hupiga simu kila wiki. Mwisho ukamfikia mume. Na hapo ugonjwa ulifanya jambo ambalo hadi leo linanishangaza. Mama Kulwa hakusahau kwamba ana mume. Mume wake alimkumbuka vizuri: ni bwana mifugo, kijana, mrefu, anaondoka alfajiri kwenda joshoni, na kabla ya kuondoka hunyoa ndevu kwa sabuni ya kopo jekundu la mviringo. Aliyempotea ni huyu aliye mbele yake. Nyumbani mwake alimwona mzee mmoja, mtu baki, anayempikia uji na kumwosha, na kwa kuwa yeye ni mwanamke wa adabu, kila asubuhi alimwamkia.

"Shikamoo, mzee," alimwambia mumewe.

"Marahaba, mama," alijibu mumewe, na kumwekea uji.

Mara ya kwanza niliyasikia hayo kwa masikio yangu. Nilitoka nje nikajifanya natafuta funguo za pikipiki. Bwana Mifugo alinifuata akaniambia nisijisumbue, ameshazoea. Hakuwa amezoea.

Siku moja, akipanga nguo sandukuni, aliliona lile kopo jekundu. Lilikuwa tupu, limepasuka ukingoni. Alilifungua karibu na kitanda cha mkewe. Mama Kulwa aliinua kichwa, akavuta pumzi, akauliza, "Baba Kulwa amerudi?" Alitazama mlangoni kwa furaha ambayo Bwana Mifugo alikuwa hajaiona kwa muda mrefu. Kisha harufu ikaisha, na furaha nayo ikaisha. Alilifungua kopo tena kesho yake na kesho kutwa, hadi likawa plastiki tu isiyonukia chochote.

Aliitafuta sabuni ile Kahama, akaitafuta Shinyanga mjini alikokuwa akiinunua enzi za ujana. Wenye maduka walimwonyesha makopo ya povu la kubonyeza. Mmoja alimwambia, "Mzee wangu, vitu hivyo vilikwisha na watu wake." Alirudi na basi la jioni, na asubuhi yake akaja karakana kwangu kuomba nusu ya pipa la chuma. Nikamchomelea miguu mitatu. Hilo ndilo likawa jiko la sabuni.

Mafuta aliyachukua buchani, yale meupe ya kuzunguka figo, akayachemsha na kuyachuja mpaka yakaacha kunuka nyama. Maji ya majivu aliyapata kwa kuchoma mabua ya pamba. Hayo yalikuwa mepesi kwake. Harufu ndiyo iliyomshinda. Alijaribu karafuu, nikanukia pilau misa nzima. Alijaribu mchaichai, majani ya mlimau, gome la mti ambao hakunitajia jina na ambao ulinitoa malengelenge. Aliloweka majani ya tumbaku. Alichemsha mikaratusi hadi majirani wakadhani tuna mgonjwa wa kifua.

"Inawasha?" aliniuliza.

"Kidogo."

"Sema kweli. Ukinidanganya wewe, ngozi yako itanieleza kesho. Ngozi haina unafiki."

Msemo huo aliutumia kwa kila kitu. Aliutumia hata kwa mwanasiasa aliyepita akiomba kura, alipomtazama shingo na kusema yule bwana hajalala vizuri.

Lakini nisipoeleza uzuri wa asubuhi zile nitakuwa nimemwonea. Povu lake lilikuwa zito na la uvuguvugu. Alilizungusha kwa brashi ndani ya bakuli la bati kwa muda mrefu, bila haraka, na sauti ya brashi ilinilegeza shingo kabla hajanigusa. Nilifumba macho. Nilisikia njiwa juu ya bati, mashine ya kusaga ikianza kazi upande wa sokoni, mtu akipita na baiskeli yenye mnyororo mkavu. Moshi wa kuni wa majirani ulikuwa bado chini chini, haujapanda. Halafu povu likanifunika na mimi sikuwa tena fundi wa mtu yeyote. Nilikuwa nikielea. Mara nyingine nilimwona marehemu baba akinyoa mbele ya kioo kidogo kilichotundikwa mtini, nikasikia hata anavyokohoa, na wembe ulipopita ndipo nilipokumbuka nilipo. Sijapata usingizi mzuri kama ule kwenye kitanda chochote. Yeye wakati huo alikuwa akizungumza na povu. "Simama," aliliambia. "Simama, usianguke."

Safari moja niliitwa Nyarugusu kuchomelea karasha, ile mitambo ya kusagia mawe ya dhahabu. Bwana Mifugo alinipa mfuko wa vipande vya sabuni. Ndevu zangu zimemzoea, alisema, anataka maoni ya ndevu ngeni. Nilipofika nikakuta kundi la wachimbaji lenye ndevu ndefu kuliko nilizowahi kuona, nikajiambia kazi imerahisika. Nikagawa vipande nikieleza uzuri wake. Msimamizi wao akanisogeza kando.

"Fundi, duara letu limeanza kutema dhahabu wiki iliyopita," alisema. "Likianza kutema hatunyoi. Hata kuongelea wembe hatuongelei. Wewe unataka mwamba ukatike?"

Vipande vyote vilirudishwa mfukoni haraka, na nikaombwa niuweke mfuko mbali na duara, shimo lao la dhahabu. Aliyebaki na sabuni ni mama lishe peke yake, akasugulia nayo masufuria. Niliporudi Runzewe nilimweleza Bwana Mifugo bila kumficha. Alikaa akitazama gambuti zake.

"Masufuria yalitakata?" aliuliza.

"Sana."

"Basi mafuta hayana tatizo," alisema. "Tatizo ni harufu."

Kulikuwa na jambo moja ambalo lilinichukua muda kulielewa. Baada ya kila kunyolewa alinituma ndani nikamsalimie Mama Kulwa. Niliinama karibu na kiti chake, nikamwamkia, naye alinijibu na kuniuliza habari za kwetu kama mgeni yeyote. Bwana Mifugo alisimama nje ya mlango akisikiliza. Nikitoka, hakuniuliza kitu, alitikisa kichwa tu na kwenda kumwaga maji. Nilimwuliza kwa nini asinyoe kwa sabuni hiyo yeye mwenyewe akaingia, kuliko kumtumia jirani. Alisema ndevu zake ni chache. Alisema mkewe ameshamzoea kwa harufu ya uji na kuni. Alitafuta na sababu nyingine. Ukweli ni kwamba aliogopa. Nikiingia mimi na mama asishtuke, iliyoshindwa ni sabuni. Akiingia yeye, ananukia sawasawa na zamani, na bado akaambiwa "shikamoo, mzee", hapo asingekuwa na kitu kingine cha kupika.

Ile asubuhi ninayoikumbuka kuliko zote ilianza vibaya. Sabuni ilikuwa ya tumbaku na asali na mikaratusi kidogo, na kwa mara ya kwanza alinipaka pande zote mbili, kwa kuwa ya mche ilikuwa imeisha. Kabla hajashika wembe akafika jirani mmoja, mwanamke, akiburuta ndama mwenye masikio yaliyojaa kupe. Yule wa ofisini alikuwa safarini. Bwana Mifugo aliweka brashi chini.

"Fundi, shika huyu."

"Nina shati la kanisani, Bwana Mifugo."

Akaingia ndani akanitolea koti lake la kazi, lile la kaki alilovaa joshoni miaka yote, limekakamaa mikono. Nikalivaa juu ya shati. Nikamshika ndama nikiwa na povu uso mzima, yule mama akijitahidi kutonitazama, na Bwana Mifugo akamwambia ndama maneno ya Kisukuma huku akimpaka dawa ya kupe masikioni. Ndama akatikisa kichwa, dawa ikarukia mikono ya koti. Walipoondoka povu lilikuwa limeshaanza kukauka. Alinipaka tena, akaninyoa kimya kimya, kisha akanielekeza mlangoni kwa kidevu, kama kawaida. Sikukumbuka kulivua koti.

Chumba kilikuwa na kiza kidogo, pazia halijafunguliwa. Mama Kulwa alikuwa amekaa kitandani na kanga mabegani. Niliinama.

"Shikamoo, mama."

Alifumba macho. Akanyoosha mkono, akanishika shavu, akateremsha vidole hadi kwenye mkono wa koti, akaukamata.

"Umechelewa, Baba Kulwa," alisema.

Niligeukia mlangoni. Bwana Mifugo alikuwa amesimama kizingitini, brashi mkononi, povu likimdondokea kwenye gambuti. Aliniashiria kwa kichwa nijibu.

"Ng'ombe walikuwa wengi," nilisema.

"Wamekuwa wengi siku zote." Alitabasamu bila kufumbua macho. Uso wake ulikuwa wa msichana, sijui niseme vipi vinginevyo. Kisha akanivuta karibu na kushusha sauti. "Baba Kulwa, yule mzee."

"Mzee yupi?"

"Anayenipikia uji. Usije ukamwondoa. Najua utasema mwanamume wa nini nyumbani kwako wakati hupo. Ni mtu mwema. Ananiosha kwa heshima, anaangalia pembeni. Kwao sidhani kama ana mtu. Na akipika anakula mwisho, kile kilichobaki."

Sikuweza kutazama mlangoni tena.

"Sitamwondoa," nilisema.

"Wabeja," alinishukuru kwa Kisukuma, na kuniachia mkono.

Nilipotoka nilimkuta Bwana Mifugo nyuma ya nyumba akiosha brashi iliyokwisha kutakata. Alikuwa analia. Nilikaa kwenye kigoda, kwa kuwa sikujua pa kwenda.

"Amesema nakula mwisho?" aliuliza baadaye.

"Amesema."

"Nilidhani haoni."

Aliosha brashi tena. Halafu akanyoosha mkono, na nikaelewa kwamba anataka koti lake. Alilinusa mkononi palipolowa, akalinusa kolani, akaketi chini na gambuti zake. Miaka yote ile alikuwa akitafuta ndani ya kopo, na nusu ya harufu ilikuwa ya josho, ile dawa ya kupe kwenye koti. Sabuni ilikuwa imekaribia tangu zamani, kwa karafuu au bila karafuu. Alichokosa ni kazi yake mwenyewe, ambayo aliifulia nguo siku ya kustaafu na kuifungia sandukuni.

Sikumwuliza atafanya nini. Misa ilikuwa imeshaanza, nikaondoka. Wiki iliyofuata nilikwenda Nyarugusu, kazi ikawa nyingi, nikakaa huko hadi pamba ikaanza kufunguka mashambani. Alinipigia simu mara moja tu, kuniuliza kama nimepata vipele. Hakuniambia lingine. Nikajua shavu langu limerudi kwangu, na nakiri lilinihuzunisha. Nilijinyoa mwenyewe huko, haraka haraka, bila kuota chochote.

Niliporudi Runzewe nilikwenda kumwamkia siku hiyohiyo, asubuhi. Nilimkuta nyuma ya nyumba amekaa kwenye kigoda changu, kioo kimeegemezwa kwenye ndoo, povu limemjaa uso. Koti la kaki lilikuwa kwenye msumari, na juu ya pipa la sabuni kulikuwa na sufuria ndogo ya uji iliyofunikwa. Alinionyesha kwa wembe nikae. Alimaliza kunyoa, ndevu zake chache zile, kwa uangalifu wa bwana harusi. Akavaa koti, akafunga vifungo vyote hadi cha shingoni, na kuingia ndani.

Dirisha lilikuwa wazi, pazia limeshushwa. Nilisikia sauti ya Mama Kulwa, nyepesi, ikisimulia jambo refu kuhusu ndama fulani aliyekufa kabla mimi sijazaliwa. Nilimsikia Bwana Mifugo akicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Njiwa walikuwa juu ya bati, moshi ulikuwa chini chini, na kwa kitambo sikuwa na hakika ni mwaka gani.

"Na yule mzee wa uji leo yuko wapi?" alisikika Mama Kulwa.

"Anakuja."

Alitoka. Alivua koti akalirudisha kwenye msumari. Akanawa uso kwa sabuni ya mche na maji mengi, shingo, masikio, mikono hadi viwikoni, akajifuta, akavaa sweta lake la kila siku. Nilimtazama akimimina uji kwenye kikombe.

"Kila siku?" niliuliza.

"Nilijaribu kuwa yule wa koti tu," alisema. "Akakataa kula. Akamngoja mzee mpaka mchana, ana wasiwasi, anauliza kama nimemfukuza. Nishikie mlango, Fundi, kikombe kimejaa."

Nikamshikia mlango.

"Shikamoo, mzee," Mama Kulwa alisema. Macho yake yalikuwa wazi sasa, na yalimtazama kwa upole.

"Marahaba, mama. Umeamkaje?"

"Nimeamka vizuri. Mume wangu alikuwa hapa sasa hivi, mmepishana." Akampisha nafasi ukingoni mwa kitanda, akaipigapiga shuka kumkaribisha. "Nilishamwomba kuhusu wewe. Amekubali ubaki."

"Nashukuru sana," alisema Bwana Mifugo, akaketi, na kuanza kuupuliza uji.